Swali Lililozidi

"Ivue hiyo beji," alisema Mpima walipofika mbele ya lango la nyumba ya mama yake. "Kwa mazungumzo haya tu. Tukitoka utaivaa."

"Siivui."

"Si kwa ajili yangu. Mimi naipenda. Ni kwa ajili ya amani."

"Amani inayotaka nijivue kwanza si amani, ni upekuzi," alijibu Wakili, naye akainyoosha kwa kidole ile beji ndogo ya shaba ya mjumbe wa Baraza kifuani pake, kana kwamba ilikuwa imesikia na kuona haya.

Mpima alilifinya jicho lake moja. Ilikuwa tabia yake tangu aanze kazi ya kupima ardhi. Miaka mingi ya kutazama viwanja kwa darubini ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kinachotaka kuonekana vizuri hutazamwa kwa jicho moja na kwa subira. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimtazama mwanamke huyu kila aliposhindwa naye. Na kila alipotazamwa hivyo, Wakili, ambaye hakuwahi kutetemeka mbele ya hakimu yeyote, alikuwa wa kwanza kugeuza uso.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi si kiwanja."

"Ungekuwa kiwanja ningekwisha kukuwekea mawe ya mpaka, pande zote nne."

"Na mimi ningekwenda mahakamani kuyapinga."

"Najua. Ndiyo maana sijaweka."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikafa, kwa sababu pazia la dirisha lilikuwa limetikisika. Mama alikuwa anawaona.

Inafaa tueleze hapa kilichomfanya mwanamke jasiri kama huyu asite mbele ya lango la mkunga mstaafu.

Alikuwa wakili kabla hajawa mjumbe, na watu wa mji hawakuacha kumwita Wakili hata baada ya kumchagua kwenda kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo lao. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtu aliyeishi ameinamisha shingo juu ya soli za wenziwe, naye alimlea binti yake kwa neno moja tu: kwamba yeye asimwinamie mtu. Binti alisoma, akafaulu, akavaa joho; akapanga chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, chenye meza ambayo mguu wake mmoja ulitegemezwa kwa kitabu kinene cha sheria zilizokwisha kufutwa. "Angalau zimepata kitu cha kusimamisha," alikuwa akiwaambia wateja.

Mzee aliyemfundisha kazi ya kuhoji mashahidi alimpa kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa hii: shahidi wa upande wa pili usimwulize "kwa nini". Neno hilo ni mlango. Ukimfungulia, ataingia na mizigo yake yote. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: ukiisha kupata jibu unalolitaka, keti. Mawakili wengi, alisema mzee huyo, hawakushindwa kwa sababu hawakujua sheria. Walishindwa kwa swali moja lililozidi.

Wakili alizishika kanuni hizo kama mtu anavyoshika fimbo penye mbwa. Kila shahidi aliyesimama mbele yake alisikia maneno yale yale: "Jibu ndiyo au hapana." Mji ukamwita Bibi Ndiyo-au-Hapana, na kwa sababu ya sauti yake iliyokata maneno kama mkasi watu walimpenda, wakamtuma Barazani.

Lakini kabla ya hapo ilikuwepo kesi ya dereva wa gari la mikate.

Gari hilo lilikuwa limemgonga mwalimu mmoja juu ya baiskeli yake na kumvunja mguu, kisha likakimbia. Mkunga aliyekuwa amesimama kwenye lango la zahanati alisema amemwona dereva kwa macho yake. Wakili alimtetea dereva. Alisimama, akatengeneza joho lake, akauliza: "Shahidi, wewe hutumia miwani?"

"Ndiyo."

"Siku hiyo, pale langoni, ulikuwa umeivaa?"

"Hapana, lakini—"

"Asante, shahidi. Hapana inatosha."

Akaketi. Mahakama nzima ikacheka. Dereva akaachiwa, na mkunga, aliyekuwa amepokea nusu ya watoto wa mji ule kwa mikono yake, akatoka mahakamani na jina jipya. Hata wale aliowafunga vitovu walimwita Mama Miwani.

Mkunga huyo alikuwa mama mzazi wa Mpima.

Wakili hakulijua jambo hilo siku alipokutana na Mpima mara ya kwanza. Yeye wakati huo alikuwa mjumbe, na Mpima aliitwa mbele ya kamati ya Baraza kueleza habari za ukuta wa shule uliogombewa. "Jibu ndiyo au hapana," Wakili alimwambia. "Ukuta huu uko ndani ya mpaka?"

"Mheshimiwa," yule mwanaume alijibu kwa utulivu, "nikisema ndiyo nitakuwa mwongo, na nikisema hapana nitakuwa mwongo vile vile. Kichwa cha ukuta kiko ndani, mkia uko nje. Chagua unataka nidanganye upande upi."

Wajumbe walicheka, na kwa mara ya kwanza hawakucheka pamoja na Wakili, walimcheka yeye. Baadaye alimkuta ukumbini nje akikunja ramani zake. "Hakuna mtu aliyewahi kulikataa swali langu," alimwambia.

"Mimi ni mtoto wa mtu aliyelijibu," alisema Mpima, akalifinya jicho.

Maana ya maneno hayo aliielewa baadaye sana, wakati ambapo hakuweza tena kulala bila kwanza kuisikia sauti ile ikimwambia usiku mwema.

Sasa waliingia.

Sebule ilikuwa safi kama chumba cha kuzalishia. Viti vya mto vilikuwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma, na juu ya kabati ilisimama mizani ya kupimia watoto wachanga, imesuguliwa mpaka inang'aa. Katikati ya chumba, peke yake, kilikuwa kimewekwa kiti cha mbao kisicho na mto. Wakili alikiangalia akakitambua. Alikuwa amewakalisha watu wengi katika kiti cha namna ile.

"Karibu, Mheshimiwa!" alipaza sauti Shangazi, dada wa marehemu baba yake Mpima, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. "Karibu, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Barazani mnakula sheria tu?"

"Tunakula maneno, Shangazi. Hayanenepeshi."

"Basi mimi ningefaa huko. Ningekonda."

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi wima karibu na dirisha, na miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi mweusi. Wakili akamwendea, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama, kwa maana salamu haikosewi, hata ya adui. "Lakini hilo la mama lirudishe mfukoni. Siku ile uliniita shahidi. Keti pale."

"Mama—" Mpima alianza.

"Na wewe kaa huko karibu na Shangazi yako, ufunge mdomo. Mahakamani watazamaji hawasemi."

"Mimi ni nani katika mahakama hii?" aliuliza Shangazi.

"Wewe ni karani."

"Karani bila chai hafanyi kazi."

"Leo atafanya." Mama akamgeukia Wakili, aliyekuwa amekwisha kuketi katika kile kiti, mgongo umenyooka, beji inang'aa. "Mwanangu ameniambia mnataka kuoana. Vizuri. Leo wakili ni mimi, na shahidi ni wewe. Nitauliza, utajibu ndiyo au hapana. Hakuna hadithi. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Tazama," alisema Shangazi kwa sauti ya chini, "anaijua kazi."

Mama aliweka mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono mipana, yenye kucha fupi, iliyozoea kungoja.

"Ni wewe uliyenisimamisha mbele ya watu katika kesi ya gari la mikate?"

"Ndiyo."

"Watu walicheka?"

"Ndiyo."

"Uliwakataza?"

"Hapana."

"Unalijua jina ninaloitwa nikipita sokoni?"

"Ndiyo."

"Litaje."

"Hilo si swali la ndiyo au hapana," alisema Wakili. "Nami sitalitamka ndani ya nyumba yako."

Shangazi alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani. Mpima aliinamisha kichwa ili mama yake asione uso wake. Mama mwenyewe alimtazama yule mwanamke kwa kitambo, kama anayepima joto la mgonjwa kwa macho tu.

"Haya. Tangu siku hiyo, umewahi kuja kuniomba radhi?"

"Hapana."

"Leo umekuja kuniomba radhi?"

"Hapana."

Mpima alifumba macho. Njiani walikuwa wamelizungumza neno hili, na yeye alikuwa amemsihi. Neno dogo tu, mpenzi wangu, alimwambia, halivunji mfupa. Wakili hakumjibu, ila alimshika mkono akaukaza, na Mpima katika ujinga wa wanaume wanaopenda alidhani mkono uliokazwa ni mkono uliokubali.

"Jeuri," alisema Mama taratibu. "Karani, umeandika?"

"Wifi, mimi hata kalamu sina."

"Tia akilini. Sasa nijibu hili. Unampenda mwanangu?"

Hapo Wakili alivunja desturi ya mashahidi. Badala ya kumtazama anayemhoji, aligeuza uso. Mpima alikuwa amefumbua macho. Kati yao palikuwa na meza ndogo, kitambaa cha kufuma, na miaka yote ya jina baya lililozaliwa kwa ulimi wake. Na bado macho yalivuka. Akayaona yale yaliyokuwa yamemshinda tangu mwanzo: uso usiokuwa na haraka, midomo iliyojifunga kwa utii wa mama, na lile jicho moja lililoanza kufinywa, kana kwamba linataka kumwona vizuri kabla hajapotea. Alitamani kuinuka. Hakuinuka.

"Ndiyo," alisema.

"Karani hajasikia."

"Karani amesikia," alisema Shangazi, akijifuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Hata kuku wa jirani wamesikia."

"Akiugua usiku, na kesho yake Baraza linaketi, utabaki kumuuguza?"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

Ungekuwa wakati mwema wa kusema uongo. Msichana mwingine yeyote angeusema, na mbingu zingemsamehe.

"Hapana," alijibu Wakili.

"Wageni wenye shida zao watakuja nyumbani kwenu asubuhi, mchana na jioni, wamkute mume wako akila?"

"Ndiyo."

"Basi sikiliza swali hili kwa masikio yote mawili." Mama akainama mbele, na miwani ikayumba kwenye uzi wake. "Nikisema hivi: mwanangu, au kiti cha Baraza. Ukitaka kuingia nyumba hii kama mke, ondoka kwanza katika kiti kile. Utaondoka?"

"Hapana, lakini—"

"Hapana inatosha."

Alilisema kwa sauti ile ile ya mahakamani. Alikuwa ameihifadhi kwa miaka, pumziko kwa pumziko, kama mtu anayehifadhi wembe ndani ya kitambaa, na siku yake ilipofika ulikata bila kelele. Wakili alifunga mdomo. Maneno yalikuwa yamejaa nyuma ya meno yake, naye alijua kwamba hana haki ya kuyatoa, kwa kuwa alikuwa ameikubali sheria ya chumba kile; na kama kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya maishani, ni kuivunja sheria kwa sababu imemgeukia.

Mama akaegemea kiti. Uso wake ulikuwa umepumzika.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia mwanawe. "Sikumtukana. Sikumfukuza. Nimemuuliza tu, naye amechagua mbele yako. Kiti."

"Wifi, umeshinda," alisema Shangazi kwa huruma. "Basi. Nipike chai?"

Lakini Mpima alikuwa amesimama.

"Mama, nimesikia 'hapana'. Sijasikia 'lakini'."

"Nini?"

"Amesema 'hapana, lakini'. 'Hapana' umeichukua. 'Lakini' umeiacha sakafuni."

"Usinifundishe."

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Tangu kesi ile, jioni ngapi umekaa hapo hapo dirishani ukiniambia kwamba hapana bila lakini yake ni nusu ya neno? Kwamba walikunyang'anya nusu yako? Mimi nimeishi nikisikia hivyo. Nilipoitwa mbele ya kamati nilikataa kujibu nusu neno, kwa sababu yako. Sasa leo unataka nioe au niache kuoa kwa nusu neno?"

"Ananikosea adabu mbele ya mgeni," Mama alimlalamikia Shangazi.

"Sikukosei, mama. Nimekuja kuomba baraka zako, na ukininyima nitaondoka nikiwa bado mwanao, nitarudi Jumapili kukutengenezea bomba kama kawaida. Lakini ruhusa ya kumpenda sikuja kuiomba. Hiyo nilijipa mwenyewe."

Wakili aliinamisha macho, kwa sababu hakutaka Mama aone yamejaa nini.

Mkunga yule alikuwa amepata jibu alilolitaka. Alikuwa amekaa kwenye ushindi wake kama mtu anavyokaa juu ya kiti kipya. Kama angekuwa amefundishwa na yule mzee wa sheria, angejua kwamba huo ndio wakati wa kunyamaza. Lakini hakuwa wakili. Alikuwa mama; na kilichomsumbua tangu dakika ile hakikuwa kesi, bali yale macho yaliyovuka meza. Alikuwa ameona wanawake wengi wakiumwa. Alijua mtu anayeigiza na mtu anayeumwa kweli. Mwanamke huyu alimpenda mwanawe. Na bado hakutaka kuinuka kwenye kiti cha Baraza. Haikuingia akilini.

"Haya," alisema kwa hasira. "Iokote hiyo lakini yako. Mwanamke anayempenda mtu hivyo, hataki kuacha kiti cha mbao huko Barazani. Kwa nini?"

Shangazi, ambaye hakujua sheria hata moja, alivuta pumzi kama mtu aliyeona kikombe kikiteleza mezani.

Wakili aliinuka.

"Kwa sababu nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba miwani yako ni ya kusomea. Asubuhi ya kesi ulisimama ukumbini kusoma orodha ya kesi ukutani. Uliivaa. Kisha mtu akakuita kutoka mwisho wa ukumbi, ukaivua ili umtambue. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe. Nikaona kwamba ya mbali unayaona vizuri bila miwani."

Mpima alifungua mdomo. Jambo hili hata yeye hakuwahi kuambiwa.

"Ulijua," alisema Mama. "Na ukaniuliza."

"Niliuliza kwa sababu nilijua. Nilijua utasema hapana, na nilijua kuna lakini nyuma yake, na nilijua nikiiziba mteja wangu ataachiwa. Sheria iliniruhusu. Mwendesha mashtaka angeweza kukurudia akuombe uimalize. Hakufanya hivyo, alikuwa akitazama saa yake. Wewe mwenyewe hukuwa na haki ya kusema hata neno moja bila mmoja wetu kukufungulia."

"Na yule dereva? Ndiye aliyemgonga mwalimu?"

"Sijui hata leo."

"Mimi najua."

"Ndiyo. Ulijua, na hukusikilizwa." Akapiga hatua moja kumwendea. "Unataka nikuombe radhi. Ningekuja siku yoyote, ningepiga magoti, ungenisamehe au ungeninyima. Na kesho yake wakili mwingine angemsimamisha mkunga mwingine, amfanye vile vile, naye angekuwa ndani ya sheria kama nilivyokuwa mimi. Sikutaka kuja hapa na neno. Nilitaka kuja na kitu. Mahakamani sikuweza kuibadilisha sheria hiyo. Huko tunaitumia tu. Inabadilishwa mahali pamoja. Ndiyo maana niliomba kiti."

Akagusa beji yake.

"Nimepeleka muswada Barazani. Ni wangu binafsi, hakuna aliyenituma. Unasema hivi: shahidi aliyetakiwa kujibu ndiyo au hapana atakuwa na haki ya kumaliza jibu lake mwenyewe, na hakuna wakili atakayemkatiza. Wenzangu wananicheka. Wanauita Muswada wa Lakini. Mawakili wa mji hawanisalimu. Wanasema nimeuza makali ya kisu chetu. Jumanne ijayo unakwenda kamatini. Na muswada wa mjumbe, akiondoka kitini, huanguka pamoja naye. Nikiinuka kwa ajili ya kumpata mwanao, nitakuwa nimekufunga mdomo mara ya pili. Hapana. Nampenda mpaka naona haya, lakini hapana."

Mpima alikuwa amemkaribia bila kujua kwamba anatembea.

"Mbona hukuniambia?" alimwuliza kwa sauti ndogo. "Mimi ningemwambia mama. Yote haya yasingekuwepo."

"Ndiyo sababu sikukuambia," alisema Wakili. "Nisingetaka kukununua kwa muswada. Kama mama yako angenipokea kwa ajili ya hilo, Jumanne ingekuwa rushwa, wala si sheria. Nisingesema hata leo kama asingeuliza."

"Nisingeuliza," alisema Mama polepole, kana kwamba anajisikia mwenyewe, "kama wewe mwanangu usingenitia pilipili."

Mama aliishika miwani yake kwenye uzi, akaigeuza, akaipangusa kwa kitambaa ijapokuwa ilikuwa safi. Kisha akafanya jambo ambalo Shangazi alilisimulia baadaye kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengi wasiotaka. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kile kiti cha mbao, akakishika mgongo kama mtu anavyoshika ubao wa kizimba cha mashahidi.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Unalijua swali."

Wakili alielewa. Alisimama wima, mikono nyuma, lakini safari hii sauti yake haikuwa mkasi.

"Siku hiyo, pale langoni, ulikuwa umevaa miwani?"

"Hapana," alisema mkunga. Na hapo akanyamaza kwa mazoea, akingoja kukatwa. Hakuna aliyemkata. "Hapana, lakini miwani yangu ni ya kusomea. Ya mbali nayaona. Nilimwona dereva, alikuwa na kofia ya bluu, na alimtazama mwalimu pale chini kabla ya kukimbia. Alimtazama. Hilo ndilo nililotaka waandike. Kwamba alimtazama kwanza."

Shangazi alikuwa analia waziwazi. Wakili alikuwa amepauka, kwa kuwa mteja wake wa zamani alikuwa na kofia ya bluu, na hilo hakuna mtu aliyelitaja katika kesi.

"Asante," alisema kwa taabu. "Asante, ma—"

"Bado," alisema Mama, akiinua kidole. "Usinirukie." Lakini kidole hakikuwa na ukali wake wa mwanzo. "Hiyo kamati yenu ya Jumanne. Inasikiliza watu wa nje?"

"Inasikiliza mashahidi."

"Basi nitakuja. Na nitasema mpaka nimalize. Ole wake mjumbe atakayetazama saa."

"Utapewa kiti chenye mto."

"Sitaki mto. Nataka kiti kama hiki, wanione vizuri."

Mpima alikuwa amemshika Wakili mkono, na safari hii alijua maana ya mkono uliokazwa. Walisimama mbele ya Mama kama watoto wawili waliovunja kitu wakakataa kukimbia. Mpima alikuwa karibu na Wakili kiasi cha kuisikia pumzi yake, na hakuthubutu kumgeukia, kwa kuwa kama angemgeukia asingeweza kuangalia kitu kingine.

"Wifi," alisema Shangazi, akipenga kamasi, "wewe na kamati zako! Watoto wamesimama, chai haijapikwa, na mimi karani wako nina swali moja tu, la ndiyo au hapana. Unawabariki?"

Mama alimtazama mwanawe. Akaitazama mikono miwili iliyoshikana. Akaitazama na beji, kwa muda, na mdomo wake ukakunjika upande mmoja kwa namna ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa tabasamu.

"Ndiyo," alisema. "Lakini—"

Lilikuwa neno refu. Lilikuwa na habari za mume anayepaswa kula kwa wakati, na wageni wanaopaswa kungojea kibarazani mpaka amalize. Lilikuwa na jeuri itakayoachwa nje ya mlango pamoja na viatu, na wajukuu wasiofundishwa kujibu kwa neno moja, na jina fulani la sokoni ambalo kuanzia Jumanne atakayelitamka atakiona. Kivuli cha dirisha kilihama kutoka zulia hadi ukutani, na lilikuwa bado linaendelea. Mpima alitaka kusema jambo. Wakili akamkanyaga mguu taratibu.

Alikuwa amepata jibu alilolitaka. Akavuta kile kiti kisicho na mto, akaketi.